Jina la Boycott katika Sentensi za Kiingereza

Mwanafunzi wangu mmoja alipewa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba Boycott alikwenda Afrika Kusini mwaka 1982. Akaifasiri hivi: "Mgomo ulikwenda Afrika Kusini." Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kamusi aliyoitegemea ilimpa maana ya neno hilo bila kumwonya kwamba ni jina la ukoo pia, ijapokuwa ni jina adimu.

Geoffrey Boycott alikuwa mchezaji mashuhuri wa kriketi wa Uingereza. Mwaka huo yeye na wenzake walikwenda kucheza Afrika Kusini, hali nchi nyingi zimeisusia michezo yake kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Nao wakafungiwa miaka 3 wasiichezee timu ya taifa. Basi Mwingereza aweza kuandika, pasipo mzaha, kwamba Boycott alivunja "boycott". Herufi kubwa haitusaidii mwanzoni mwa sentensi, na katika usemi haisikiki kabisa. Kinachotuongoza ni sarufi.

Asili ya jambo hili yajulikana. Mwaka 1880 Kapteni Charles Boycott alikuwa wakala wa mashamba ya Lord Erne huko Mayo, Ayalandi, na wapangaji walikuwa wakidai kodi ipunguzwe. Mwezi wa Septemba Parnell aliwahutubia watu mjini Ennis, akawashauri wamwepuke kila atakayechukua shamba la mpangaji aliyefukuzwa. Kapteni naye akafanyiwa vivyo hivyo: watumishi wakaondoka, wenye maduka wakakataa kumwuzia, na mavuno yake yakavunwa na watu wapatao 50 waliotoka mbali, wakilindwa na askari. Kabla ya mwaka kwisha, magazeti yalikuwa yakilitumia jina lake kama kitenzi.

Jina la mtu huonyesha mtu tu. Halina maana ya kufasiriwa. Lakini jina hili lilipopokea viambishi vya nyakati, likaacha herufi kubwa, na likapata mtendwa, lilikwisha kuwa neno kama maneno mengine. Na mtendwa huyo yafaa atazamwe. Katika sentensi za kwanza alikuwa mtu, kama Kapteni mwenyewe. Katika sentensi za leo mara nyingi ni kitu: bidhaa, mkutano, uchaguzi.

Hapa ndipo kamusi nyingi zinapoteleza. Kwa sentensi za leo, "kususia" latosha. Kwa zile za kwanza halitoshi, maana mtu aweza kususa peke yake, kama mtoto asusaye chakula. Kapteni Boycott hakususiwa tu, alitengwa. Kiswahili kina neno hilo, na kila kijiji chajua uzito wake: aliyetengwa hana wa kumsaidia hata msibani.

Kwa hiyo nawalaumu watunga kamusi, si kwa uchache wa maneno, bali kwa kupanga mifano bila kuuliza jina lafanya kazi gani katika sentensi. Mifano 3 ingetosha: mmoja wa mtu aitwaye kwa jina lake, wa pili wa mtu atengwaye, wa tatu wa kitu kisusiwacho. Mwanafunzi wangu angalikuwa nayo, asingalichekwa.