Kosa kubwa mabangoni si ‘Mbwa Kali’

HAKUNA kibao ambacho kimechekwa na walimu wa Kiswahili nchini Kenya kuliko kile cha getini kisemacho ‘Mbwa Kali’. Kila mwaka wanafunzi wapya huonyeshwa kibao hicho kama mfano wa jinsi Wakenya wanavyoivuruga sarufi. Makala haya yanakubali kwamba ni kosa, ila yanauliza iwapo ndilo kosa linalostahili kutushughulisha zaidi.

Kicheko chenyewe kina msingi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo jina lake huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: mbwa mkali akiwa mmoja, mbwa wakali wakiwa wengi. Aandikaye ‘mbwa kali’ amemhamishia mnyama huyo kwenye ngeli ya I-ZI, akakae na pilipili kali na dawa kali. Isitoshe, kiambishi kilichoachwa kilikuwa na kazi. ‘Mkali’ humwarifu mwizi kwamba ndani kuna mbwa mmoja, nayo ‘wakali’ humwarifu kwamba kuna kundi. ‘Kali’ inamwacha akisie mwenyewe. Pengine mwenye boma anataka iwe hivyo!

Kuna pia maandishi yanayochorwa kwa rangi kwenye kuta na mabati: ‘Shamba hii hai uzwi’. Hapa makosa ni mawili. Kwanza, shamba ni la ngeli ya LI-YA, kwa hivyo tungetarajia ‘shamba hili haliuzwi’. Pili, mchoraji amekikata kitenzi vipande viwili. Kikanushi ‘ha-’ na kipatanishi ‘-i-’ haviwezi kusimama peke yao. Ukiviandika kando, unapata ‘hai’, neno linaloeleza kitu chenye uhai. Basi mpita njia anaambiwa kuhusu shamba lililo hai, kisha anaachiwa ‘uzwi’, ambalo si neno. Hata hivyo, jamani, tusicheke sana. Aliyeandika hivyo anaogopa ardhi yake isije ikauzwa na tapeli akiwa hayuko, na hofu hiyo ina sababu zake katika nchi hii.

Si kila kinachokosolewa ni kosa, lakini. Chukua neno ‘Kinyozi’ lililoandikwa juu ya milango ya vibanda kila mtaa. Wapo wanaosema kwamba kinyozi ni mtu, hivyo chumba hakiwezi kuitwa kinyozi. Ni kweli kwamba neno linatokana na kitenzi ‘nyoa’ na kwamba humtaja mtendaji. Lakini Mkenya anaposema ‘naenda kinyozi’, amepanua maana kutoka kwa mtu hadi mahali anapofanyia kazi. Lugha zote hukua kwa njia hii. ‘Hoteli’ nayo ilihama kutoka mahali pa kulala hadi kibanda cha chai na mandazi, na hatukufa.

Vivyo hivyo kuna kibao cha ‘Hakuna Njia’. Mara nyingi husimamishwa mahali ambapo njia ipo, tena imekanyagwa mpaka nyasi zimekwisha. Kama njia haingekuwapo, kibao kingekuwa cha nini? Lakini hakuna anayedanganyika. Sote tunaelewa kwamba kinachokanushwa ni ruhusa ya kupita. Anayekisoma neno kwa neno ndiye mwenye tatizo.

Katika mifano yote hii, ujumbe ulifika. Sijasikia mtu aliyeumwa na mbwa kwa sababu kiambishi ‘m-’ kilikosekana getini. Hapo ndipo swali langu linapoanzia.

Mnamo 1997, wataalamu wawili wa Kanada, Rodrigue Landry na Richard Bourhis, walieleza dhana ambayo sasa tunaiita mandhari ya kiisimu, yaani lugha zinazoonekana kwenye mabango, majina ya barabara, maduka na majengo ya umma. Walitofautisha dhima mbili. Ya kwanza ni ya kutoa taarifa. Ya pili ni ya kiishara: mabango huonyesha lugha ipi ina hadhi na ipi haina.

Hebu tulitazame jengo la kawaida mjini kwa jicho hilo. Mlangoni umeandikiwa ‘Reception’, na dirishani ‘Customer Care’. Kwenye ngazi kuna ‘Emergency Exit’, na nje kwenye maegesho kuna kibao cha kijani, ‘Fire Assembly Point’. Kiswahili kiko wapi? Zunguka nyuma, utakikuta kwenye ukuta: ‘Usikojoe hapa’. Mbele kidogo: ‘Usitupe takataka hapa’. Kiingereza kinakaribisha, kinaelekeza na kuokoa maisha, ilhali Kiswahili kinakemea. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa la ajabu kuliko yote, na halimo katika orodha ya makosa tunayowafundisha wanafunzi.

Ni la hatari pia. Moto ukizuka katika jengo kama hilo, wanaokimbia si mameneja pekee. Kuna mfagiaji, mlinzi, mama aliyekuja kutoka kijijini kufuata cheti, fundi aliyeitwa kurekebisha bomba. Wengi wao hawana Kiingereza cha kutosha kung’amua kibao kwenye moshi. ‘Mlango wa dharura’ na ‘Kutanikeni hapa moto ukizuka’ si maneno magumu kuyachora.

Barabarani hali ni hiyo hiyo. Ni kweli alama nyingi za barabarani hutumia michoro, na mchoro hauhitaji tafsiri. Lakini pale ujenzi unapoendelea na maneno yakahitajika, aghalabu utakuta ‘Diversion Ahead’. Kwa nini isiandikwe pia ‘Barabara imefungwa mbele, pitia kushoto’? Mtu atajibu kwamba kila dereva anajua Kiingereza. Hata tukimkubalia, barabara hutumiwa pia na msukuma mkokoteni, mtoto wa shule na anayetembea kwa miguu usiku.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Vibao vya kutahadharisha kuhusu umeme vimeandikwa ‘Hatari’ pamoja na ‘Danger’ kwa muda mrefu, fuvu likiwa kando. Neno ni moja, linasomeka kwa mbali, na hakuna Mkenya asiyelielewa.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoonekana kwenye mlango wa ofisi ya serikali ni rasmi kwa karatasi tu.

Napendekeza mambo mawili. Mosi, taasisi za umma na serikali za kaunti zinapotoa zabuni za mabango, ziweke sharti la lugha mbili, herufi za ukubwa sawa, na mtu anayelipwa kuhariri Kiswahili chake kabla ya rangi kukauka. Hapo sarufi iwe lazima, maana kibao cha serikali hufundisha watoto tahajia hata kama hakikukusudia. Pili, idara za Kiswahili vyuoni zisiwatume wanafunzi kukusanya makosa ya wachoraji wa mitaani pekee. Ziwatume pia kuhesabu milango ambayo haina neno hata moja la Kiswahili, kisha ziwapelekee wenye majengo orodha hiyo pamoja na tafsiri.

Mwenye geti la ‘Mbwa Kali’ alikosea kiambishi, lakini alimfikiria mpita njia na akamwonya kwa lugha anayoielewa. Wenye majengo makubwa bado hawajafika hapo.