Ntalikwa Kinywani mwa Mtangazaji

Mwambie mwanafunzi wa mwezi wa kwanza wa utangazaji asome jina hili kwenye maiki: Ntalikwa. Mmoja ataliwekea irabu mbele, liwe Intalikwa. Mwingine ataibadili herufi ya kwanza, liwe Mtalikwa, kwa kuwa mdomo wake umezoea mtu, mto na mti. Ni wachache watakaoiacha ile N isimame peke yake puani kama silabi kamili, kisha ulimi ushuke kwenye "ta", mkazo uangukie "li", na "kwa" imalizie bila kuburutwa. Silabi nne. Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, upande wa mashamba, na wenyeji wake wanalijua jina lao. Mtangazaji akiliharibu wataguna, na kila atakachosema baada ya hapo watakisikiliza shingo upande.

Nimewahi kukaa nyuma ya kioo cha studio ya mazoezi nikamtazama mwalimu akimrudisha kijana kwenye jina la kijiji kimoja mara kumi na zaidi. Hakumkemea. Alisema tu, "Tena." Kijana akarudia, akafuta jasho, akarudia. Siku ile niliacha kuuliza swali ambalo wazazi wengi huuliza mtoto anapoomba ada ya astashahada ya utangazaji: kusema nako kunasomewa? Kunasomewa, na ukikaa pale ukatazama kwa utulivu utaona kuwa ni ufundi wa mkono, wa sikio na wa pumzi, kama ufundi wa kusuka jamvi.

Chukua uandishi. Kijana anayetoka sekondari huja akiamini kuwa Kiswahili kizuri ni kile cha barua ya ofisini. Anapewa tangazo kama hili: "Wakulima wote wanaohitaji kunufaika na ruzuku ya mbolea kwa msimu huu wanatakiwa kuhakikisha wanakamilisha zoezi la uhuishaji wa taarifa zao katika daftari la wakulima kupitia ofisi za watendaji." Anaambiwa aliandike upya kwa ajili ya redio. Rasimu ya kwanza anaondoa "zoezi la", neno ambalo naamini limeua taarifa nyingi nchini kuliko kukatika kwa umeme. Rasimu ya pili anamleta mtu mbele: "Mkulima, ukitaka mbolea ya ruzuku msimu huu..." Ya tatu anaisoma kwa sauti, anagundua kuwa "uhuishaji wa taarifa" haupiti kooni, na anaandika: "nenda kwa mtendaji wako ukaangalie kama maelezo yako kwenye daftari bado ni sahihi." Kutoka maneno ishirini na kitu yaliyofungana kama mzigo wa kuni, imebaki sentensi ambayo mama anaweza kuishika huku akipepeta karanga.

Maana huyo ndiye anayeandikiwa. Walimu wazuri huwakataza wanafunzi kusema "wasikilizaji wote popote mlipo" kabla hawajajifunza kuzungumza na mtu mmoja. Mtu huyo wampe sura: mwanamke wa Ntalikwa, redio yake imetundikwa kwenye tawi la mwembe au simu yake iko mfukoni mwa gauni, mikono yake ina kazi. Kwenye gazeti angeweza kuurudia mstari wa juu. Hapa neno likishapita limepita. Kwa hiyo 1,987,450 inakuwa "karibu milioni mbili". Jina la mtu linarudiwa pale ambapo gazeti lingesema "yeye", kwa sababu huenda mtoto alilia katikati ya sentensi. Cheo hutangulia jina, ili sikio lijiandae. Na Kiswahili kina mzigo wake wa pekee: neno kama "waliokwishaandikishwa" lina silabi tisa, pumzi nzima ya msomaji asiyejipanga. Dakika moja ya kusoma kwa staha haibebi zaidi ya maneno mia na ushee. Mwanafunzi anajifunza kupima habari kwa dakika jinsi muuza nafaka anavyopima kwa pishi.

Kisha penseli. Kabla ya kusoma, taarifa huwekwa alama: mkwaju mmoja mahali pa kuvuta pumzi fupi, miwili mahali pa kutua, mstari chini ya neno linalobeba habari. Ukiitazama karatasi ya mwanafunzi wa mwisho wa mwaka utaona imejaa alama kama kitambaa kilichochorwa na fundi cherehani kabla ya mkasi. Maiki huwa shibiri moja hivi kutoka mdomoni, na uso hugeuzwa kidogo pembeni, maana P ya "pembejeo" hutoka na upepo unaogonga maiki kama kofi. Maji ya kunywa yasiwe ya barafu. Na karanga, hata zile tamu za Tabora, zisiliwe kabla ya kipindi. Chembe moja ikikwama kooni inatosha kuharibu taarifa nzima.

Lakini sehemu ninayoistahi zaidi hufanyika nje ya studio. Tuseme mwanafunzi ametumwa Ntalikwa kumhoji mzee mfuga nyuki juu ya mavuno ya asali. Huu ni ukanda wa miombo, na asali ya Tabora ina jina lake sokoni. Anayejua kazi hafiki na kinasa sauti mkononi kama askari na rungu. Anapiga hodi, anatoa shikamoo, na kama anaijua "mwangaluka" ya Kinyamwezi anaiongeza, mzee anatabasamu. Anakaa anapoonyeshwa. Anaulizwa kwao, anaeleza. Mvua inazungumzwa, watoto wanaulizwa hali. Ikipita robo saa, ndipo anasema, "Babu, nikiomba turekodi mazungumzo yetu, utaniruhusu?"

Hapo maiki anaishika mwenyewe, haitoi hata mzee akinyoosha mkono, kwa sababu akiitoa ametoa na mazungumzo. Haulizi "Je, asali imepungua?" maana atajibiwa "Ndiyo", na "ndiyo" haitengenezi kipindi. Anauliza, "Zamani mizinga ilikuwaje, babu?" kisha ananyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote. Adabu yetu hutaka mtu aitikie mkubwa anapozungumza: naam, ehee, kweli kabisa. Kwenye redio kila "ehee" ya mhoji hulalia neno la mzee na haitoki tena. Basi mwanafunzi anajifunza kuitikia kwa kichwa na macho, kiasi kwamba mzee anaona anasikilizwa ilhali kinasa hakisikii kitu. Ni adabu ileile, imehamishwa kutoka mdomoni kwenda usoni. Na mzee akitulia, asikimbilie kujaza kimya kile. Mara nyingi jambo zito huja baada ya kimya.

Mazungumzo yakiisha, mwanafunzi anaomba jambo ambalo mtu asiyejua atalishangaa: watu wote watulie dakika moja. Anarekodi utulivu wa pale. Upepo kwenye majani, nyuki kwa mbali, kuku, baiskeli ikipita na mnyororo wake mkavu. Dakika hiyo ndiyo itakayotumika baadaye kuziba viungo pale sauti itakapokatwa, ili sikio lisistuke. Kila mahali pana kimya chake. Cha Ntalikwa hakifanani na cha chumba cha darasa, na msikilizaji hujua amedanganywa hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Ukataji wenyewe zamani ulifanywa kwa wembe. Utepe ulizungushwa taratibu kwa mkono mpaka mahali pa neno, ukawekewa alama, ukakatwa kwa mshazari na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Leo ni kompyuta na sauti iliyochorwa kama milima. Chombo kimebadilika, ila amana iliyo mikononi mwa mhariri ni ileile. Mkulima akisema, "Tutalima tumbaku tukilipwa kwa wakati," na kijana akakata baada ya "tumbaku" ili kuokoa sekunde mbili, amemfanya mtu atoe ahadi ambayo hakuitoa, tena kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya majirani zake. Nimeona walimu wakimpa mwanafunzi sifuri kwa kosa kama hilo ijapokuwa kipindi kilikuwa kimepangwa vizuri mno. Naafiki kabisa.

Mahali penyewe panaongeza uzito wa kazi hii. Tabora ni Unyanyembe, njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani Juni 1857, aliingia Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Mwaka 1872 mmisionari David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji, tangu Machi alipoondoka Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amekuja kumtafuta, mpaka Agosti, akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Miezi mitano ya kusubiri, na kila habari iliyomfikia ilifika kwa miguu ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Wapagazi hao walishuka pwani na meno ya ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na Kiswahili. Lugha inayosikika redioni leo ilifika Tabora mabegani mwao kabla ya mlingoti wowote.

Redio ilichukua muda. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi taarifa yake ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Mwaka 1973 redio hiyo ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Ninapofikiria sentensi rahisi inaweza kufanya nini, nafikiria vyoo vile. Mtu aliandika maneno yale, akayasoma kwa sauti, akayafuta, akayaandika tena, mpaka mchimbaji akayaelewa.

Na kutoka Tabora yenyewe nchi ilimsikia Ben Kiko, aliyekuwa ripota wa redio hiyo, aliyeripoti pia vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda. Waliomsikia hawakumbuki tu alichosema. Wanakumbuka namna alivyokisema, madaha na mwendo wake, ambao vijana waliuiga mitaani. Sauti ya namna ile haifundishwi kwa kunakili. Chuo kinachoweza kufanya ni kumwondolea kijana vizuizi, yaani pumzi fupi, haraka na maneno ya kuazima ofisini, mpaka sauti yake mwenyewe ijitokeze. Nawasikitikia wanaoingia darasani wakiwa tayari wameamua kusikika kama mtangazaji fulani wa Dar es Salaam. Huchukua muhula mzima kuwarudisha kwao.

Kwa utaratibu wa vyuo vyetu, astashahada huchukua ngazi ya nne na ya tano, na ya sita ndiyo stashahada. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za mwaka uliofuata ziliifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari, kwa hiyo mwenye astashahada bado yuko njiani. Kijana wa Tabora anaweza kufuata reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 hadi Nyegezi, ambako chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1960 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Anaweza kushuka Dar es Salaam, ambako shule ya uandishi wa habari iliyoanza mwaka 1975 leo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Popote aendapo, mwaka wa kwanza ndio wa mkono: kushika maiki, kuweka mikwaju, kukata bila kudhulumu. Nadharia ya mawasiliano inaweza kusubiri kidogo. Mkono ukizoea vibaya, hausubiri.

Wakati mwingine majina hayana jibu moja. Kinyamwezi hakina R, na mtemi mashuhuri wa Unyamwezi ameandikwa Mirambo kwenye vitabu vingi, ilhali shule ya sekondari mjini Tabora ni Milambo. Mwanafunzi atakayeuliza, "Nisome lipi?" anastahili kusifiwa kwa kuuliza tu. Jibu la mwalimu niliyemsikia lilikuwa fupi: shule isome kama ilivyo kwenye kibao chake, na mtemi msome kama wanavyomwita watu wake.

Nanyi mnaosikiliza, Ntalikwa na kwingineko, mna sehemu yenu katika mafunzo haya. Mkisikia jina la kata yenu limetamkwa vibaya, msizime redio. Pigeni simu studio, mwambieni kijana aliye zamu linavyotamkwa, taratibu, silabi kwa silabi, na msikilize kama atalisema sawasawa kwenye taarifa inayofuata.