Wosia na Zama Zake: Utendi wa Mwana Kupona Mbele ya Msomaji wa Leo

Tungo za Kiswahili zilizosifiwa na kulaumiwa kwa nguvu moja kama Utendi wa Mwana Kupona ni chache. Utendi huu wa beti 102 ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mama huyo alikuwa ameugua kwa muda wa mwaka mzima. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, alete wino na karatasi, akamwachia wosia. Wosia huo umekaririwa na vizazi vya wanawake wa Lamu na visiwa jirani, na katika madarasa ya fasihi umekuwa uwanja wa mabishano: je, mafunzo yake yangali yanafaa katika jamii ya leo?

Majibu yanayotolewa aghalabu ni ya namna mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba maadili hayapitwi na wakati. Kwao, heshima, utiifu na ulimi mwema ni mapambo ya mwanamke katika kila zama. Wapo pia wanaouona utendi kuwa chombo cha kumdhalilisha mwanamke na kumfunga katika utumishi wa mumewe, nao hawaoni faida ya kuendelea kuufundisha. Makundi haya mawili yanapingana, lakini kosa lao ni moja: yote mawili huuchukua utendi kama kitu cha kupokewa au kukataliwa kizima. Utungo wenyewe haukubali kutendewa hivyo.

Ushahidi wa kwanza umo katika mawaidha juu ya watumwa. Mama anamwonya bintiye asichanganyike nao ila wakati wa kazi, kwani watamvuta kwenye aibu. Hapa sauti inayosikika ni ya tabaka la waungwana, lililoishi kwa jasho la wengine na kuogopa kufanana nao. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na hakuna mzazi anayemuusia mwanawe hivyo leo. Hata wale wanaoutukuza utendi kuwa ni hekima ya milele huzipita beti hizo kimya kimya. Kimya hicho kina maana kubwa. Anayeruka ubeti mmoja kwa sababu jamii iliyouzaa imekwisha, amekwisha kukiri kwamba wosia huchujwa. Hawezi tena kumzuia mwingine asiulize kuhusu beti zinazofuata.

Huenda ikajibiwa kwamba beti za watumwa zilitokana na hali ya kijamii tu, ilhali zile za mume zimejengwa juu ya dini. Ni kweli kwamba Mwana Kupona anampa mume nafasi ya tano katika wajibu wa mwanamke, baada ya Mungu, Mtume, baba na mama, na kwamba anaifungamanisha radhi ya mume na malipo ya Akhera. Lakini dini hiyo hiyo haikuishia kwa mke. Kurani, katika sura ya Nisaa, aya ya 19, imewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema. Mtunzi hakulazimika kulieleza hilo, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake alikuwa binti, si mkwe. Lakini anayeugeuza utendi kuwa sheria kamili ya ndoa huwa ametangaza nusu ya mafunzo na kuificha nusu ya pili.

Upande wa wapinzani nao una upungufu wake. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lilipewa jina lililouelekeza utendi wote kwenye wajibu wa mke, na wahakiki wengi wamefuata njia hiyo. Hata hivyo, sehemu inayomhusu mume haifikii nusu ya utungo. Kuna mawaidha ya kuwatazama mafukara kwa huruma, kuna masimulizi ya ndoa ya mtunzi mwenyewe, na kuna dua ndefu ya mgonjwa anayewaombea jamaa zake kwa Mola. Msomaji anayeiacha dua hiyo hawezi kujua kwa nini mawaidha yalitolewa kwa haraka na uchungu kiasi kile.

Vile vile yafaa ikumbukwe Siyu ilikuwa mji wa namna gani. Kwa miaka mingi Bwana Mataka alipambana na Seyyid Said wa Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalishindwa huko. Utendi ulipotungwa, Mataka alikuwa amekwisha kufa, na mkewe alikuwa akingoja mauti. Binti aliyekuwa akiachwa yatima katika mji wa vita hakuwa na ngome nyingine ila nyumba ya mumewe. Kwa mtazamo huu, kumpepea mume, kumfukizia udi na kuomba ruhusa yake kabla ya kutoka ni zaidi ya unyenyekevu. Ni silaha za mtu asiyekuwa na silaha nyingine. Hapa ndipo pa kuutafuta ukweli wa beti hizo, na hapa pia ndipo mpaka wake ulipo, kwa maana binti mwenye elimu, kazi na haki mbele ya mahakama hahitaji ngome ya aina hiyo moja tu.

Wako wahakiki waliodai kwamba mtunzi anawakejeli wanaume, hasa pale anapomshauri binti amlee mume kama mtoto asiyejua kusema. Tashbihi hiyo kwa hakika inampunguzia mume ubwana wake. Lakini kuufanya utendi mzima kuwa kejeli ni kuupa msomaji wa leo anachotamani kukiona. Masimulizi ya ndoa ya mtunzi hayana dalili ya mzaha, wala dua yake haina.

Kinachobaki na uhai kamili katika utendi huu ni tendo la kuusia lenyewe. Mwanamke wa karne ya 19 anaagiza wino, anatunga, anajitaja, anaitia kazi yake tarehe na kuhesabu beti zake, kisha anawaita wanawake wenzake waisome. Lengo alilolitaja ni utiifu kwa waume, lakini njia aliyoichagua ni kusoma na kuandika, na njia hiyo ilikuwa pana kuliko lengo. Shaaban Robert alipomtungia binti yake, Mwanjaa, Utenzi wa Hati, aliendeleza desturi ya mzazi kumwachia mwana urithi wa maneno. Desturi imeishi kwa sababu kila mzazi huijaza yale ambayo zama zake zimemfundisha.

Kwa hivyo, utendi huu ufundishwe wote, pamoja na beti za watumwa zinazofichwa na dua inayosahauliwa. Kuukatakata ili ubaki na adabu tu ni kumdanganya mwanafunzi, na kuuondoa kabisa ni kumnyima sauti ya mmojawapo wa watunzi wanawake wachache wa karne hiyo ambao kazi zao zimetufikia kamili. Katika beti zote 102 Mwana Hashima hatamki neno. Mama ndiye anayesema, na binti anasikiliza. Wanafunzi wa leo, wake kwa waume, wamekaa mahali pa Mwana Hashima, nao wana ruhusa ambayo hatukuona yeye akipewa: ya kusikiliza mpaka mwisho, kisha kujibu.