Mgeni Aliyekubali Jembe: Kumsoma Upya Mabala

Nilipokuwa kidato cha pili tulisoma Mabala the Farmer, na mwalimu wetu alituambia kwamba mwandishi wake, Richard Mabala, ni Msukuma. Tukaandika hivyo kwenye madaftari. Nani angebisha? Jina si lilikuwa palepale kwenye jalada! Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba bwana huyu alizaliwa Uingereza, akaja Tanzania katika miaka ya 1970 akiwa kijana wa kujitolea kufundisha, na hakurudi tena kuishi kwao. Alichukua uraia wa hapa. Akahariri diwani ya mashairi iitwayo Summons, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na akaandika Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, vitabu ambavyo vizazi vya wanafunzi wa sekondari wa nchi hii vimevipitia, kama si kwa kuvisoma basi kwa kunakili notisi za jirani.

Muhula uliopita jambo hili lilizua mzozo katika semina yetu. Mwenzetu mmoja, hodari kweli wa nadharia, alidai kuwa Mabala asihesabiwe katika fasihi ya Tanzania bali katika maandishi ya wageni kuhusu Tanzania, rafu moja na wamisionari na wasafiri. Mwingine akamjibu kuwa pasipoti imekwisha maliza kesi. Mhadhiri alitabasamu tu, akatuambia turudi kwenye kitabu. Mimi nilirudi, na makala hii ndiyo matokeo yake.

Kwa mtazamo wangu, wote wawili walitafuta jibu nje ya kazi ya sanaa: mmoja mahali alipozaliwa mtu, mwingine ofisi ya uhamiaji. Jibu limo ndani ya hadithi, tena mahali ambapo sote tulipita bila kutazama, yaani katika jina la mhusika mkuu.

Hebu tukumbuke kisa. Mabala ni mtu wa mjini anayependa pombe kupita kiasi. Anapoteza kazi, maisha yanambana, anakwenda kijijini na mkewe Maria. Kulima hajui, na bidii ya kujifunza hana. Mke ndiye anayebeba nyumba. Notisi za mitihani huorodhesha dhamira: ulevi, uvivu, ujinga, nafasi ya mwanamke. Sawa, zote zimo. Lakini sijaona notisi hata moja inayouliza kwa nini mwandishi amempa mlevi huyu asiyejua kushika jembe jina lake mwenyewe. Angeweza kumwita Juma au Masanja na hadithi isipungue kitu. Badala yake kila mara darasa linapomcheka Mabala, linalicheka jina lililoko kwenye jalada.

Najua mtaniambia kwamba Mabala wa kitabuni hakutoka Ulaya, katoka Dar es Salaam. Kweli. Tena hizo zilikuwa zama ambapo suala la watu wa mjini wasio na kazi kurudi mashambani lilikuwa la serikali kabisa. Sheria ya nguvukazi ilitungwa mwaka 1983. Kwa hiyo sidai kwamba hadithi ni fumbo, kwamba mlevi ni Mwingereza aliyejificha. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba mahali anaposimama msimulizi kutazama kijiji ni mahali pa mtu aliyewahi kufika akiwa hajui kitu na akalazimika kufundishwa. Kijana wa kujitolea huletwa kwa kuwa ana ujuzi, wenyeji hawana. Katika kitabu hiki mwenye shule ya mjini ndiye mjinga, na wenye ujuzi ni mkewe na majirani.

Tunayo methali kongwe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa kuonyesha kwamba jadi yetu haikuwa na nafasi ya mnyonyaji. Nasi tumezoea kuisoma hivyohivyo, kama karipio kwa mvivu. Mimi naiona pia kama karibisho. Hakuna anayempa jembe mtu anayetarajia aondoke kesho. Huyo hupewa kuku na kiti kizuri mpaka basi lake lifike. Ukipewa jembe ujue umeanza kuhesabiwa, na ukianza kuhesabiwa utachekwa, maana matuta yako yatakuwa yamepinda.

Tumlinganishe na mwingine. Mmarekani Paul Theroux alipelekwa Malawi na Peace Corps mwaka 1963, kisha akafundisha Makerere, halafu akaondoka Afrika. Mwaka 1967 jarida la Transition la Kampala lilichapa insha yake iliyowafananisha wazungu waliokuwa wakifanya kazi huku na Tarzan, mfalme wa msitu asiokuwa wake. Insha kali, nami naipenda. Lakini tazama riwaya yake The Lower River ya mwaka 2012. Ellis Hock, mwenye duka la nguo aliyezeeka na ambaye ndoa yake imevunjika, anarudi katika kijiji cha Malawi alikojitolea ujanani, miaka arobaini iliyopita. Shule aliyoijenga imekuwa gofu. Wanakijiji wanamwona ni mfuko wa pesa, wanamkamua, na mwisho hawamruhusu kuondoka.

Wapo watakaosema riwaya hii inatutukana. Mimi sikuisoma hivyo, ingawa kuna kurasa zilizonikera. Kilichonigusa ni kwamba Hock alirudi akiwa na hati ya deni kichwani. Alikwisha toa, sasa amekuja kukuta alichotoa kimetunzwa na jina lake linakumbukwa. Kile alichokiita kujitolea kiligeuka mkopo, na hakuna aliyewaambia wenzake kwamba wamekopa. Theroux si mjinga, anaujua udhaifu huu wa mhusika wake na anamcheka. Ila kicheko chake ni kichungu na hakisambai; ni cha mtu anayemcheka Hock kutoka mbali, na wanakijiji hawakualikwa kucheka naye. Kijiji cha Mabala kinacheka, na mwenye jina anachekwa akiwa amekaa palepale.

Nisije nikaonekana mpiga debe. Kifani Mabala the Farmer ina kasoro zake. Maria ni mwema mno hata unatamani akosee japo mara moja, achome ugali basi. Mafunzo yanapigiwa kengele. Na lugha yenyewe ni Kiingereza, kilichorahisishwa kwa ajili ya darasa, kwa hiyo mkulima halisi wa hadithi kama hii hawezi kukisoma kitabu kinachomhusu. Hapo ndipo mwenzangu wa nadharia angenibana vizuri zaidi kuliko kwenye suala la kuzaliwa. Mwandishi amekaa chini pamoja na wanafunzi, lakini chaki hajaiachia.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limeninyima usingizi kuliko mada nyingine za semina. Dada yangu aliondoka mwaka 2021 kwenda Ujerumani kujitolea. Wajerumani wana mpango wao wa weltwärts, ambao tangu mwaka 2013 hauwapeleki tu vijana wao huku bali unapokea na wetu kwenda kule. Akapangiwa nyumba ya kulelea wazee katika mji mdogo, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, akajiandikisha masomo ya uuguzi, miaka mitatu. Ameyamaliza na ameajiriwa. Mama alipopata habari kwamba mwanawe amesaini mkataba alinyamaza, halafu akasema, “Aliniaga anakwenda kujitolea, kumbe amejitoa.”

Jamani, nimesoma sarufi mihula minne lakini sijapata kusikia mnyambuliko ukifafanuliwa vile. Kujitolea na kujitoa: kinachovitenganisha ni kile kiambishi kidogo cha kutendea, kinachouliza unafanya kwa ajili ya nani. Kiondoe, mtu amewaacha wenzake.

Mwaka wa kwanza dada alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kuhusu theluji, treni, na jinsi watu wa kule wasivyosalimiana. Ulikuwa kama utalii. Nikikumbuka, ni jinsi wageni wengi walivyoandika kuhusu sisi, na pia jinsi Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, alivyowatazama Wajerumani kwao: mambo mengi, mwenyewe mtazamaji. Kisha sauti ikabadilika. Akaanza kunisimulia jinsi bibi mmoja wa miaka tisini alivyomfundisha kukunja shuka za kitanda, akamwamuru arudie mara tatu. Jinsi alivyokosea neno la Kijerumani mezani na wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Katika visa hivi mjinga alikuwa yeye daima, naye alivisimulia kwa raha. Nilikuwa nikisikiliza kwenye daladala nikajikuta nasema peke yangu: huyu ni Mabala. Hapo nikajua harudi karibuni, kabla hata ya habari za mkataba.

Kitabu chake bado hakijaandikwa. Fasihi yetu ya Kiswahili ina safari, mojawapo ni Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi ya mwaka 2013, lakini binti aliyekwenda kwa mwaka mmoja wa kujitolea akabaki kuwaogesha wazee wa watu sijakutana naye humo, sembuse kumwona akifanya makosa na kuchekwa. Nitafurahi siku akipatikana. Na kama atajiandika mwenyewe kwa Kijerumani?

Swali hilo nilimpelekea yule mwenzangu wa nadharia tukiwa kantini. Alifikiri, akasema, “Huyo dada yako ni wetu, hata akiandika kwa Kijerumani.”

“Basi na Waingereza waje wamchukue Mabala?”

“Hapana bwana,” alisema haraka, “Mabala nimemsoma kidato cha pili.”

Halafu akajisikia alichokisema. Akaniomba nakala yangu ya Mabala the Farmer akaitazame tena. Mpaka naandika haya hajairudisha.