"KUINGIZA" AU "KUPAKIA"? NENO MOJA, KAZI TATU

Katika istilahi za kompyuta zitumiwazo maofisini mwetu, ni machache maneno yaliyotwishwa mzigo kama "kuingiza". Karani achapaye jina baada ya jina huambiwa anaingiza. Programu iongezayo mstari mmoja katika jedwali la hifadhidata inaingiza. Na amri moja ihamishayo faili zima la matini, lenye mistari laki kadhaa, nayo inaingiza.

Tuchukue mfano wa orodha za wakulima wa pamba mkoani Simiyu. Afisa wa Bariadi aandikiwapo "uingize taarifa za wakulima", aelewe nini? Akiwaweka makarani wachape upya yaliyokwisha kuwamo katika faili, yeye hakukosea Kiswahili. Istilahi ndiyo iliyompoteza. Na jina likikosewa katika kuchapa, mwenye jina ndiye atakayesumbuka siku ya pembejeo.

Yafaa tutenge maneno matatu: kuchapa, kuchomeka, na kupakia kwa mkupuo. Hili la tatu watu wa Bariadi hawahitaji kufafanuliwa. Hakuna apelekaye pamba kituoni konzi kwa konzi na kudai stakabadhi ya kila konzi. Lakini ndivyo ifanyavyo programu ichomekayo mstari mmoja mmoja, kila mstari na muamala wake, na mashine ikingoja kila mmoja uthibitishwe. Kukusanya mistari elfu katika muamala mmoja ni nafuu. Kupakia ni nafuu zaidi. Mwongozo rasmi wa MySQL hueleza kwamba amri ya kupakia faili kwa kawaida huwa na kasi mara 20 kuliko amri za kuchomeka. Faharasa nazo, faili likiwa kubwa na jedwali likiwa tupu, aghalabu hufaa zijengwe baada ya kupakia, kama vile faharasa ya kitabu itungwavyo kurasa zikiisha kupangwa.

Wapo watakaopendelea "kuagiza". Hilo ni neno la forodha, na faili lenyewe limo ofisini tayari! Wengine watasema kwamba "kupakia" limekwisha kutwaliwa na wapandishao picha katika intaneti. Ndiyo maana "kwa mkupuo" lisiachwe. Na wasemao kwamba makarani hawapokei maneno mapya wakumbuke "kishikwambi", lililoenea wakati wa Sensa ya mwaka 2022.

Limebaki suala la ritifaa. Katika jina Ng'hoboko, la kata moja wilayani Meatu, alama hiyo ni sehemu ya tahajia. Katika amri za SQL alama iyo hiyo hufungua na kufunga maneno. Mwongozo uamrishao tu "ondoa alama za nukuu" humfanya karani aandike Nghoboko, na tangu hapo orodha mbili hazilingani tena. Iandikwe "ritifaa" pale ikusudiwapo, na isemwe wazi kwamba ibaki. Katika kuchomeka, sharti iandikwe mara mbili ndani ya amri. Katika kupakia kwa mkupuo, kwa kawaida hupita kama ilivyo.