Heko kwa Wapanga Rilei

Stima ikipotea Voi, lawama hufika kabla mshumaa haujawashwa. Ikibaki ikiwaka huku radi ikipiga Wundanyi, hakuna anayeshukuru. Mimi nawapa heko mafundi wanaopanga rilei.

Rilei hupima mkondo na volti usiku na mchana. Ikigundua hitilafu, huamuru breka ikate laini. Kazi ngumu ni kuipangia ikate lini. Tuseme tawi limeangukia nyaya za kilovolti 33 kule milimani: breka iliyo karibu nalo ndiyo itangulie, na iliyo juu yake, kuelekea umeme unakotoka, isubiri kama sekunde 0.3, iingilie tu mwenzake akishindwa. Ikiharakisha, mji mzima unalipia tawi moja. Kwenye laini ndefu kama ile ya kilovolti 132 inayopita Voi kuelekea Rabai, desturi ni rilei kukata papo hapo hitilafu iliyo ndani ya asilimia 80 hivi ya urefu. Kwa kipande kilichobaki, rilei husubiri kidogo, isije ikakata kwa hitilafu ya laini jirani.

Hitilafu moja ikienea, hasara ni ya wote. Juni 7, 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, mitambo mingine ikazidiwa ikajizima, Kenya nzima ikaingia gizani. Wengi tulicheka, wapanga rilei, nadhani, hawakucheka.

Lakini rilei nayo haioni yote. Waya ukianguka juu ya udongo mkavu, mfano huu mwekundu wa Tsavo, mkondo unaovuja waweza kuwa mdogo mno, na waya ukabaki na umeme. Ukiukuta chini usiusogelee. Wazuie watoto na mifugo, kisha uwapigie Kenya Power.