Kiunganishi si Pambo

Nimezisoma insha nyingi za wanafunzi wa huku kwetu Kishapu, na kasoro inayonisumbua si ya tahajia. Ni ya viunganishi.

Wengi wa watoto hawa lugha yao ya nyumbani ni Kisukuma. Kiswahili cha kuandika wanakipata darasani, na darasani hupewa orodha: aidha, vilevile, hata hivyo, kwa hiyo, hatimaye. Orodha yenyewe si mbaya. Ubaya huanza pale mwanafunzi anapoyabandika maneno hayo mwanzoni mwa kila sentensi, kama stempu juu ya bahasha. Basi utasoma insha ya namna hii: "Mvua zilichelewa. Aidha, pamba ilinyauka. Hata hivyo, tulikosa mavuno." Hebu tazama, ndugu msomaji. Pamba ilinyauka kwa sababu mvua zilichelewa. Halikuwa jambo la nyongeza tu. Na kukosa mavuno hakupingani hata kidogo na kunyauka kwa pamba. Kila neno ni Kiswahili safi, lakini fikra imepotea njia.

Neno "aidha" lina mkasa wake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni "pia" au "zaidi ya hayo". Wengi sasa hulitumia mahali pa "ama", wakasema "aidha uje au ubaki". Hapo watoto wasilaumiwe peke yao, maana wanayasikia hayo kwa wakubwa.

Tena Kiswahili kina viungo vyake ndani ya kitenzi. Msimulizi wa hadithi husema: "Alikwenda kisimani, akachota maji, akarudi." Hiyo "-ka-" yatosha kufuatanisha mambo. Mwanafunzi wa orodha huandika "halafu alichota, halafu alirudi", na hadithi inachechemea.

Je, huu ni ubishi wa walimu tu? La hasha! Tarehe 7 Novemba 2022, hapa wilayani, kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui zilibomoka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba. Chukua mkulima anayeandika barua baada ya mkasa kama huo. Akisema, "Bwawa lilibomoka na shamba langu lilijaa tope", ameyaweka matukio mawili sambamba, basi. Akisema, "Shamba langu lilijaa tope kwa sababu bwawa lilibomoka", ametaja chanzo. Barua ya kwanza ni habari. Ya pili ni dai.

Ningemwomba mwalimu aifungie orodha kabatini kwa muda. Kati ya kila sentensi mbili amuulize mtoto: hili la pili lilitokea kwa sababu ya lile la kwanza, au baada yake tu, au licha yake? Mtoto akishajua jibu, kiunganishi kitakuja chenyewe.